Usiuze Shamba Kabla ya Kupimwa Macho: Mazungumzo ya Karurumo Kuhusu Kununua Ndege ya Kujifunzia

Haya ni maneno ya fundi wa ndege, mzaliwa wa Karurumo, aliyoyatoa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika mkutano wa wakazi. Tumeyachapisha karibu yote kwa sababu wakazi wengi ambao hawakuweza kufika waliomba kuyasoma.

Mlio kule nyuma chini ya mwembe, sogeeni karibu. Mimi nimezoea kupiga kelele kushinda injini, lakini kipaza sauti hiki kinanishinda.

Nitaanza na jambo lililonileta. Mwezi wa Disemba nilikuja nyumbani kumwona mama, na mzee mmoja wa hapa akanisimamisha nje ya kiwanda cha kahawa. Simtaji jina, lakini yuko hapa leo na amenipa ruhusa nilisimulie. Aliniambia hivi: "Mwanangu, binti yangu amepita mtihani vizuri na anataka kuwa rubani. Nimeulizia karo ya shule ya urubani, nikatafuta mahali pa kukaa. Sasa kuna mtu ameniambia kwamba Nairobi kuna ndege ndogo kuukuu inauzwa bei ya matatu mbili. Kwa nini nisiuze ekari mbili, nimnunulie ndege, ajifunze nayo, kisha akimaliza tuiuze, pesa zirudi?"

Nilimjibu haraka haraka, kwa sababu nilikuwa nawahi gari la Embu. Nilimwambia, "Mzee, usithubutu." Nikapanda gari. Tulipofika Ena nilikuwa nimeanza kuona haya, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya jambo lile lile nililomkataza. Nilinunua ndege ili nijifunze kuruka. Basi nikampigia chifu simu nikamwomba nafasi hii, nilijibu swali la mzee inavyostahili.

Wengi wenu mnanijua kama fundi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefungua na kufunga injini za ndege ndogo katika uwanja wa Wilson. Ndege nyingi nimezirudisha angani, na mimi nikabaki chini nikifuta mikono. Nilipofikisha miaka arubaini na minne nikaamua kwamba na mimi nitaruka. Kwenda shule na kulipa kwa kila saa niliona ni upotevu. Hesabu yangu ilikuwa kama ya mzee: kwa nini nikodi wakati naweza kumiliki? Nami ni fundi, matengenezo nitajifanyia. Tukaungana watu watatu, mimi na marafiki wawili, tukachukua mikopo ya SACCO, tukanunua Cessna 150.

Kwa wasioijua, Cessna 150 ni ndege ya viti viwili, bawa liko juu, injini moja ya nguvu farasi 100. Ilitengenezwa Marekani kuanzia mwaka wa 1958 hadi 1977, kisha ikafuata ndugu yake 152 hadi 1985. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kabisa katika ukoo huo imewazidi umri wazazi wengi walioketi hapa. Ndege kuwa na umri si kosa. Ikitunzwa vizuri inaruka, na dunia nzima ina marubani waliojifunzia kwenye hiyo. Lakini umri wa ndege hauhesabiwi kama umri wa gari. Unahesabiwa katika vitabu.

Hapo ndipo tulipoteleza. Ndege ina kitabu cha mwili wake na kitabu cha injini yake, na kila saa iliyoruka na kila kifaa kilichobadilishwa huandikwa humo na kutiwa sahihi. Mwenye kutuuzia alikuwa na vitabu, lakini kimoja kilikuwa na pengo la miaka minne. Alituambia ndege ilikuwa imeegeshwa tu wakati huo. Nikaamini, mimi fundi! Tena nikaona ni habari njema: miaka minne bila kuchoka. Wazee, ng'ombe aliyesimama zizini miaka minne bila kutoka, mtamwita mzima?

Injini inayokaa bila kuzunguka huliwa na kutu kwa ndani, mahali macho hayafiki. Tulipoifungua tulikuta kutu katika silinda mbili. Ndani ya ule mrija mdogo ulio chini ya bawa, unaopokea upepo ili kipima mwendo kifanye kazi, nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo. Hilo la nyigu tulicheka, tukatoa udongo. La silinda hatukucheka. Ndege ililala miezi saba tukitafuta vipuri na pesa za vipuri, na muda wote huo ada ya kuegesha ililipwa, bima ililipwa, na SACCO ilikata mshahara kila mwisho wa mwezi bila kuuliza kama tuliruka.

Sasa sikilizeni hesabu, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nitatumia tarakimu za mfano tu, zinazogawanyika vizuri. Msiende Wilson mkasema mimi ndiye niliyetaja bei.

Tuseme kwamba kumiliki ndege ndogo kunakugharimu shilingi 600,000 kwa mwaka kabla hujaiwasha: bima, mahali pa kuegesha, ukaguzi wa mwaka na ada za vyeti. Ukiruka saa 40 mwaka huo, kila saa imebeba shilingi 15,000 kabla ya tone la mafuta. Ukiruka saa 200, kila saa imebeba shilingi 3,000. Ndege ni ile ile na bima ni ile ile. Ndiyo maana shule yenye wanafunzi wengi inaweza kukukodishia saa moja kwa bei ambayo wewe peke yako huwezi kuifikia: ndege yao haikai. Yako itakaa, kwa sababu wewe una kazi, una mvua, na una shamba la kupalilia.

Halafu ongeza injini. Mtengenezaji wa injini ya ile 150 anashauri ifanyiwe ukarabati mkubwa ikifika saa 1,800. Kama ukarabati huo, kwa mfano tena, ni shilingi 2,700,000, basi kila saa unayoruka unadaiwa shilingi 1,500 ambazo hakuna anayekutumia bili yake. Mwenye busara huziweka kando. Asiyeweka anauza ndege ikiwa imefika saa 1,700 na kuiita "ndege ya bei nafuu", na anayeinunua ni mtu kama mimi.

Mafuta ni takriban lita 22 kwa saa, na si petroli ya pale kituo cha barabarani. Ni petroli maalumu ya ndege, ina rangi ya samawati, na haiuzwi kila mahali. Kila saa 50 unabadilisha oili, kila saa 100 unafanya ukaguzi. Na ile faraja yangu kwamba nitajifanyia kazi mwenyewe ilikuwa nusu tu ya ukweli. Mikono ilikuwa yangu, ndiyo, lakini vipuri vinavyoruhusiwa ni vile vyenye karatasi zake, na kazi hukamilika tu ikitiwa sahihi na mwenye leseni ya aina hiyo ya ndege. Bolti ya ndege na bolti ya trekta zinaweza kufanana kama mapacha, na moja ikakupeleka jela.

Mtauliza, je, mambo haya ni mageni Kenya? La. Kujinunulia ndege ndiko kulikoanzisha urubani nchini humu, ila waliofanya hivyo hawakuwa wakulima wa ekari mbili. Mwaka wa 1925 ndege ya kampuni ya de Havilland, aina ya DH.51, ilishushwa kutoka melini Mombasa. Mwenyewe alikuwa John Carberry, mlowezi mwenye shamba la Seremai kule Nyeri, upande wa pili wa mlima wetu huu. Ndiyo iliyokuwa ndege ya kwanza kabisa kuandikishwa Kenya. Mwaka wa 1928 ikauzwa kwa watu watatu walioungana, mmoja wao akiwa rubani Tom Campbell Black, nao wakaiita Miss Kenya. Watatu! Hata wakati ule, hata wao, waliona ni mzigo wa watu kushirikiana. Ndege hiyo bado ipo Uingereza, katika jumba la ndege za kale la Shuttleworth huko Old Warden, na bado inaruka. Hivyo ndivyo vitabu vilivyotunzwa vinavyofanya.

Lakini historia hiyo hiyo ina makaburi. Mwaka wa 1928 mke wa Carberry, Maia, aliyekuwa rubani hodari, alianguka Nairobi akimfundisha mwanafunzi, wakafa wote wawili. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, ambaye alikuwa amejinunulia ndege aina ya Gipsy Moth, alianguka Voi mara tu baada ya kupaa. Alikuwa na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau, naye akafa. Kuhusu Finch Hatton kuna vitabu na filamu. Kuhusu Kamau kuna jina tu. Nalitaja hapa kwa sababu ndege ndogo ina viti viwili, na anayeketi katika cha pili pia ana watu nyumbani.

Turudi kwa binti. Sheria inasema nini? Mwenye mamlaka ni KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini. Leseni ya mwanafunzi rubani inaanza umri wa miaka 16. Ya rubani binafsi ni miaka 17, na inataka saa zisizopungua 40 za kuruka. Ndani ya hizo, angalau 10 uwe peke yako, na ndani ya hizo 10 uwe umefanya safari za masafa peke yako, mojawapo isipungue kilomita 270 na utue katika viwanja viwili tofauti njiani. Sikieni vizuri neno "zisizopungua". Ni wachache wanaomaliza kwa 40 kamili. Mimi nilipozuiwa na ndege kulala miezi saba, nilirudi nikiwa nimesahau hata mkono wa kutua. Mkufunzi alinirudisha somo la nne, na saa hizo zote nililipa mara mbili.

Na hapa kuna jambo ambalo yule aliyemshauri mzee hakumwambia. Leseni ya rubani binafsi haikupi mshahara. Hairuhusu kulipwa hata shilingi kwa kurusha ndege. Binti anayetaka kazi anahitaji leseni ya rubani wa biashara, ambayo huanza miaka 18 na kutaka saa 200, au 150 kama amesomea yote katika mpango ulioidhinishwa wa shule. Kisha kuna ndege za injini mbili, kuna kuruka kwa kutegemea vipimo pekee mawinguni, na ile Cessna ya viti viwili haifundishi mambo hayo. Kwa hiyo mzee angeuza ekari mbili kununua robo ya njia.

Tena swali la kuuliza kabla ya yote: nani atamfundisha, ndani ya ndege ya nani? Mafunzo ya leseni hutolewa na shule zilizoidhinishwa na KCAA, na shule ina ndege zake zilizoandikwa katika idhini yake. Ukifika na yako, shule haina wajibu wa kuipokea. Ya kwanza tuliyoiendea ilitukatalia, kwa adabu, na sikuwalaumu: hawakujua ndege yetu ilikotoka, na bima yao ingepanda. Ya pili ilikubali baada ya ukaguzi wao, kwa sharti kwamba tukiwa hatupo waitumie kufundishia wengine na kutulipa kwa saa. Sharti hilo ndilo lililotuokoa. Ndege ilianza kuruka, na ile shilingi 600,000 ya mfano ikaanza kugawanywa kwa saa nyingi. Kwa hiyo anayetaka kununua, aende kwanza kwa shule na KCAA, apate jibu lililoandikwa, ndipo amtafute muuzaji. Sisi tulianza na muuzaji.

Sasa jambo ambalo ningetaka kila mzazi aliyekuja hapa aende nalo nyumbani: kipimo cha afya. Rubani hupimwa na daktari aliyeidhinishwa na KCAA, macho, masikio, moyo, kila kitu. Mwanafunzi na rubani binafsi hupimwa daraja la pili. Rubani wa biashara hupimwa daraja la kwanza, lililo kali zaidi. Nilimjua kijana mmoja ambaye familia yake ilikusanya harambee, ikauza ng'ombe wanne, ikalipa karo ya mwanzo. Miezi mitatu baadaye ndipo ilipojulikana kwamba hawezi kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Hakuwa amejua maisha yake yote, na kazi yake ya shambani haikumhitaji ajue. Karo haikurudi yote. Kipimo kile kingemgharimu familia yake kuku wachache. Pima kwanza daraja la kwanza, hata kama leo unahitaji la pili, ndipo ufikirie kuuza kitu.

Pia muwe macho na mawakala. Simsemi mtu, lakini kuna wanaozunguka na picha za marubani wenye kofia, wakiahidi nafasi nje ya nchi na kazi mwishoni. Shule ikikuambia imeidhinishwa, omba uone cheti, kisha waulize KCAA wenyewe. Usilipe karo yote mara moja. Lipa kwa awamu kadiri saa zinavyoruka, na uandikiwe itakuwaje pesa zako ndege zao zikiharibika.

Niseme machache kuhusu mlima, kwa sababu tunaishi kwenye miguu yake na tunadhani tunaujua. Kilele cha Batian ni mita 5,199. Ile Cessna 150 yetu haiwezi kufika huko hata ukiisihi. Hewa inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo injini inavyokosa pumzi. Uwanja wa Wilson wenyewe uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na pale chini tu, kabla hujapaa, injini yetu imepoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Mchana wa jua kali ukiwa na watu wawili wazito na mafuta kamili, ndege inakimbia njia ya kurukia hadi unaanza kukumbuka dhambi zako. Vitabu vya Marekani tunavyosomea vimeandikwa na watu waliojifunzia karibu na bahari. Hapa kwetu unaruka asubuhi mapema. Ikifika saa nne au saa tano mawingu yamekwisha kujipanga upande wa mlima, na Julai kuna siku ambazo hayafunguki kabisa.

Mlima huo hauheshimu ukubwa wa ndege pia. Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodiwa ya injini mbili iliyotoka Nairobi kuelekea Samburu iligonga kilele cha Lenana, na watu wote 14 wakafa. Na hatari si mlima tu. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Mbuga ya Nairobi, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege kubwa ya abiria muda mfupi baada ya kupaa kutoka Wilson. Ile kubwa ilirudi na kutua salama ikiwa na watu 44. Mkufunzi na mwanafunzi waliokuwa katika ile ndogo walikufa. Siku ile nilikuwa hangari. Sitaeleza zaidi, ila jioni mke wangu alinipokea mlangoni na hakuniambia kitu, akanishika tu mkono. Wiki mbili sikuruka. Kisha nikarudi, na tangu siku hiyo kichwa changu hakiachi kugeuka kushoto na kulia nikiwa angani, hata mkufunzi hunitania kwamba nimekuwa bundi.

Basi, mzee, jibu lako. Si "usithubutu". Jibu ni kwamba ndege si njia ya mkato ya karo. Kwa mtu mmoja anayeanza, peke yake, kwa pesa za shamba, ni njia ndefu zaidi. Inaweza kuwa na maana kwa watu kadhaa wenye mishahara, walioandikiana mkataba mbele ya wakili kuhusu nani anaruka lini, nani analipa ikiharibika, na mmoja akitaka kutoka anauzaje sehemu yake. Waipate ndege rahisi yenye vitabu kamili, ikaguliwe na fundi asiyemjua muuzaji, na kuwe na shule iliyokubali kuitumia. Hata hapo wawe na akiba ya kuikarabati mwaka wa kwanza, kwa sababu mwaka wa kwanza ndege kuukuu hukuonyesha yote iliyoficha. Sisi tulikuwa na nusu ya mambo hayo. Nusu nyingine tulijifunza kwa SACCO.

Na binti asidhani namfungia mlango. Kapteni Irene Koki Mutungi ni Mkenya, na mwaka wa 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Lakini mlango si mmoja. Pale Embakasi kuna Shule ya Usafiri wa Ndege ya Afrika Mashariki iliyo chini ya KCAA, inayofundisha ufundi wa ndege, uongozaji wa ndege na kazi nyingine za uwanjani. Mimi niliingia urubani kupitia mlango wa gereji, nikiwa na mshahara. Nimewaona mafundi, wahudumu wa ndege na waongozaji wa ndege wakijilipia saa mbili tatu kwa mwezi mpaka wakafika. Ni polepole, lakini shamba la baba linabaki na kahawa yake.

Nimemaliza ya kwangu. Maswali?

(Katika kipindi cha maswali, mama mmoja aliuliza: "Na ukianguka huko juu, lile deni la SACCO linalipwa na nani?")

Mama, umeuliza swali ambalo sisi watatu hatukuuliza mpaka mwaka wa pili. Mikopo mingi ya SACCO ina bima ya kifo, na watu wengi wana bima ya maisha kazini. Lakini bima nyingi zina kifungu kidogo kinachokataa kulipa ukifa ukiwa ndani ya ndege ndogo isipokuwa kama abiria aliyelipa nauli. Nilienda nikauliza kwa barua, na jibu la bima ya kazini lilikuwa kwamba hailipi. Nikalazimika kuchukua nyingine inayotaja urushaji wa ndege kwa jina, nayo ni ghali. Iingizeni katika hesabu. Kama mke wangu angejua hilo ile siku ya kwanza, nadhani tusingenunua hata tairi.

(Mwalimu mmoja aliuliza kama Karurumo inaweza kuunda kikundi cha vijana kununua ndege ya pamoja.)

Mwalimu, kikundi cha vijana thelathini chenye ndege moja ya viti viwili ni kikundi cha ugomvi. Bado hujafika kwenye mafuta. Kama kikundi kina pesa, ningeanza kwa kuwapeleka wote thelathini wakapimwe afya, kisha wanaopita wasome mitihani ya nadharia pamoja: sheria za anga, hali ya hewa, uelekezaji, namna ndege inavyoruka. Vitabu ni vya kushirikiana, na hiyo ni kazi ya darasani inayowezekana hapa hapa. Atakayebaki na hamu baada ya kusoma hali ya hewa miezi mitatu, huyo sasa ana haki ya kuzungumza kuhusu ndege.

(Swali la mwisho lilitoka kwa binti wa yule mzee, aliyetaka kujua kama ndege ile bado ipo, na msemaji mwenyewe ana saa ngapi.)

Ipo, binti yangu. Imepakwa rangi upya, silinda ni nzima, na wanafunzi wa shule wanaijua kuliko ninavyoijua mimi. Daktari wako wa macho ni lini? Jumanne? Vizuri. Mimi nina saa thelathini na moja. Alhamisi asubuhi, mawingu yakiruhusu, natafuta ya thelathini na mbili.